Skafu 11 nilizowafumia watu wangu, 5 tu ndizo zinazovaliwa. Njooni tujadili

Mfumaji wa Usiku (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, hasa nyie mnaofuma kwa mikono.

Mwaka wa sita huu nafuma skafu. Sifumi za kuuza. Nawafumia watu wangu: baba, dada zangu wawili, shangazi, wapwa, na marafiki wachache wa tangu utotoni. Juzi usiku nilizihesabu, nikakuta nimeshamaliza 11. Hapo likanijia swali ambalo nimelikwepa muda mrefu: kati ya hizo, ngapi zinavaliwa? Sizungumzii kutunzwa kabatini wala kusifiwa siku ya kukabidhiwa. Nazungumzia kuvaliwa, mtu anatoka nyumbani asubuhi na skafu iko shingoni.

Ni 5.

Nikaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, nikiwasihi waniambie ukweli bila kuona haya. Shangazi akasema inamwasha shingoni, akiivaa dakika kumi anaanza kujikuna. Dada mkubwa aliitia kwenye mashine ya kufulia na maji ya moto, ikatoka ngumu na fupi kama kipande cha zulia, akakaa nalo moyoni miaka miwili akiogopa kuniumiza. Rafiki yangu mmoja anaendesha baiskeli kila siku, na mimi nilimfumia skafu ya mita 2 na ushee. Mwingine nilimfumia ya pamba, ikawa nzito, kila akiivaa inazidi kurefuka. Mpwa wangu haipendi rangi, basi. Na wa sita ndiye aliyenichoma zaidi: "Ni nzuri mno, naogopa kuiharibu." Ipo kwenye mfuko wa nailoni tangu siku niliyompa.

Nimezichunguza zote sita kadiri nilivyoweza. Ufumaji wenyewe hauna kasoro: kingo zimenyooka, hakuna kitanzi kilichoponyoka, ncha za uzi zimefichwa vizuri. Makosa yote niliyafanya kabla sijaanzisha hata kitanzi cha kwanza. Nilichagua uzi kwa vidole vyangu, urefu nikauchukua kwenye maelekezo ya mtu mwingine, na rangi nikachagua ninayoipenda mimi. Yule wa kuivaa nilimkumbuka siku ya kuifunga tu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: skafu ya zawadi hupimwa kwenye shingo na maisha ya mtu kwanza, sindano baadaye. Niwape mfano wa ile ya baba, ambayo ni moja ya zile 5.

Baba ana tabia ya kufunga koti mpaka kifungo cha juu kabisa. Skafu pana na ndefu haina pa kukaa pale, ingemfumukia kidevuni. Ana ndevu fupi ngumu. Na hapendi kitu kinachoning'inia. Nikamfumia yenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 130 tu, uzi mwembamba, mfumo wa mbavu mbili mbili (vitanzi viwili kawaida, viwili kinyume) ili ijikunje yenyewe ikishakaa ndani ya kola. Nilipokwenda kumwona msimu uliopita nikaikuta imetundikwa msumarini pembeni ya mlango, pamoja na funguo. Nikaishika. Katikati, pale inapogusana na ndevu, imejaa vitonge vidogo vidogo na imekwanguka hadi imekuwa nyembamba. Wakuu, sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Karibuni mchangie. Nani hapa amewahi kuwauliza aliowafumia?

Sindano Mbili

Mkuu, ahsante kwa uzi huu, umesema jambo ambalo wengi tunalikimbia. Ila kuhusu kuwasha naomba niongeze nyama, maana watu wengi huwa wanasema "sufu inawasha" kama vile sufu zote ni moja.

Kinachochoma ni unene wa unyoya. Unyoya wa sufu hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyoya zenye unene wa kuanzia maikroni 30 hivi kwenda juu hazipindi zinapogusa ngozi, ncha zake zinaichoma kama vijiti. Merino, sufu ya kondoo wa aina hiyo, ni nyembamba, nyingi ziko chini ya maikroni 24, ndiyo maana mtu anayekimbia sufu nyingine anaweza kuivaa merino siku nzima. Sufu ya kondoo wa kawaida huwa na mchanganyiko, na zikiwemo nyoya nene chache tu, shingo itazihisi.

Na vidole ni waongo. Ngozi ya kiganja ni nene. Mimi huweka donge la uzi chini ya kidevu, nalibana hapo robo saa nikiwa nasoma. Likinikera mimi, simpi mtu.

Mfumaji wa Usiku

Robo saa! Mimi nilikuwa nabonyeza sekunde mbili dukani na kusema "laini hii". Nimeliandika hili.

Chipukizi

Samahanini wakubwa zangu, mimi ndiyo naanza, na nina tatizo linanitoa machozi. Namfumia dada yangu skafu, kitanzi cha kawaida kwenda na kurudi, hakuna urembo wowote. Nilianzisha vitanzi 30. Jana nimehesabu, nina 41! Skafu inatanuka kama kipande cha keki. Sijaongeza kitanzi chochote kwa makusudi. Nimefumua mara tatu na kila mara inarudia vilevile. Nifanye nini?

Fundi Mkimya

Dada Chipukizi, usilie. Nakuambia kinachotokea bila hata kuiona, kwa sababu kilinitokea mimi wiki tatu za kwanza.

Ukigeuza kazi kuanza mstari mpya, uzi wako unakuwa unatoka kwenye kile kitanzi cha pembeni kabisa. Wewe, ili uupeleke nyuma, unauvuta juu ya sindano. Ukiuvuta juu, kile kitanzi kimoja kinainuka na miguu yake miwili inakaa juu ya sindano, kinaonekana vitanzi viwili vimesimama pamoja. Unafuma mguu wa kwanza, unafuma wa pili, tayari umezaa kitanzi. Ukikosea hivyo kila baada ya mistari kadhaa, 30 inafika 41 bila kujua.

Dawa yake: ukishageuza, ushushe uzi mbele, chini ya sindano, uuone umening'inia mbele yako. Kiangalie kile kitanzi cha kwanza, kiwe na mguu mmoja mbele. Ndipo uupitishe uzi chini ya ncha ya sindano kwenda nyuma, ufume. Uzi unapita chini, haupiti juu.

Na hesabu vitanzi kila ukimaliza mstari, mpaka utakapoona siku tatu mfululizo hujakosea. Mstari wa vitanzi 30 unahesabika kwa sekunde kumi.

Kama bado zinazidi, basi unaongeza katikati: uzi unabaki mbele wakati unafuma kitanzi cha kawaida, unajiviringisha kwenye sindano na kuacha kitundu. Huko utaona matundu. Kwenye tatizo la pembeni hakuna matundu, na ndiyo maana linakuwa gumu kugundulika.

Chipukizi

Kaka, nimejaribu sasa hivi mistari sita. 30, 30, 30, 30, 30, 30. Mungu akubariki. Ni hasa hivyo ulivyosema, nilikuwa nauvuta juu.

Bi Matamvua

Mimi nitampinga mleta uzi kidogo, kwa upendo.

Umelaumu uzi na urefu, lakini ile ya dada yako aliyeiharibu kwenye mashine, hata ungempima shingo mwaka mzima isingesaidia. Suala lile ni la ufuaji. Mimi wengi ninaowafumia ni wazazi wenye watoto wadogo. Mtu ana mtoto wa miezi minane begani, skafu inatapikiwa asubuhi na jioni. Huyo ukimpa merino ya kufua kwa mkono umempa kazi ya ziada. Mimi nafuma akriliki, uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama, na sioni aibu. Inafuliwa mashineni, haisinyai, haiwashi. Watu humu wanaidharau akriliki kama kitu cha mtu asiyejali. Zangu zinavaliwa zote.

Mfumaji wa Usiku

Bi Matamvua, hapo umenishika na nakubali. Ila naona unaniunga mkono: wewe umemwangalia mtu na maisha yake ndiyo ukachagua uzi. Mimi nilimfumia dada yangu sufu isiyotibiwa nikijua kabisa ana mashine na hana muda.

Kwa faida ya wengine, niseme kwa nini ilisinyaa. Unyoya wa sufu una magamba madogo kama ya samaki, yamelala kuelekea upande mmoja. Maji ya moto na sabuni huyafungua, na msuguano wa mashine huzisukuma nyoya zishikane, gamba kwa gamba. Zikishashikana haziachani tena, hakuna namna ya kuirudisha. Kuna sufu iliyotibiwa kiwandani magamba yake yakalainishwa, kwenye lebo utaona inaruhusiwa mashine. Hiyo inampa mtu joto la sufu bila hofu.

Na akriliki nayo ina adui wake, ni pasi. Ukiipiga pasi ya moto inalegea na kulala kabisa, inakuwa kama utepe uliochoka, na haiinuki tena. Mwambieni mnayempa.

Siku hizi kila skafu naiambatanisha na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: aina ya uzi, na namna ya kuifua. Kwa sufu naandika hivi: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya maji, iloweke dakika 15 bila kuisugua, ikamue kwa kuibonyeza tu usiisokote, izungushe ndani ya taulo uikanyage taulo, kisha ilaze bapa ikauke. Usiitundike, maji yataivuta.

Bi Matamvua

Ya kukanyaga taulo huwa naifanya na wanangu, wanagombania zamu.

Kola ya Bluu

Wakuu, mimi nina swali la aibu kidogo. Nimefuma skafu nzuri ajabu, kwenda kawaida, kurudi kinyume, upande wa mbele unang'aa na zile herufi V zimepangana. Lakini inajikunja! Imekuwa bomba. Nimeilowesha, nimeibana na pini, nimeipiga mvuke, baada ya siku moja inarudi kuwa bomba. Ni ya rafiki yangu anayeondoka mwezi ujao.

Fundi Mkimya

Haitaacha. Mfumo huo ndivyo ulivyo: sura ya mbele na sura ya nyuma hazina mvutano sawa, kwa hiyo pembeni hujikunja kwenda nyuma, na juu na chini hujikunja kuja mbele. Kuilowesha na kuibana kunasaidia siku chache tu.

Kama imeshaisha na muda ni mfupi, ishone pembeni kwa urefu wote iwe bomba la kweli, la tabaka mbili. Itakuwa na upana mdogo lakini nene na ya joto sana, na mshono ukiweka katikati nyuma hauonekani. Nimewahi kuivaa ya namna hiyo na niliipenda.

Safari nyingine, ukitaka zile V, fuma mbavu: mbili kawaida, mbili kinyume. Anzisha idadi inayogawanyika kwa 4, halafu ongeza 2 ili pembe zote mbili zifanane. Kwa mfano 42. Upande wa kwanza unaanza na kuishia na mbili za kawaida, ukigeuza unaanza na kuishia na mbili za kinyume. Hiyo haijikunji, na pande zote mbili zinafanana, jambo ambalo kwa skafu ni muhimu maana shingoni upande wa nyuma unaonekana kama wa mbele.

Kola ya Bluu

Nitaishona. Ahsante sana mkuu, nilikuwa nimeshaanza kufumua.

Namba Nane

Niwaonye wanaotumia maelekezo ya mtandaoni. Angalieni milimita za sindano, msiangalie namba. Mimi nilisoma "sindano namba 8", nikaenda kwenye boksi la sindano za zamani nilizorithi, nikachukua 8. Nikafuma skafu ya rafiki yangu wa karibu mpaka mwisho, ikawa ngumu kama mkanda. Kumbe namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Halafu zinakwenda kinyume: ya Marekani namba ikikua sindano inanenepa, ya Uingereza namba ikikua sindano inakonda. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini kwenye kitambaa ni tofauti ya kitu kinachoanguka vizuri na kitu kinachosimama chenyewe.

Tafuteni kile kibao chenye matundu ya kupimia sindano. Na kafumeni kipande cha majaribio, sentimita 12 kwa 12, mkioshe, kikauke, ndipo mpime ndani ya sentimita 10 kuna vitanzi vingapi. Skafu si sweta, sentimita mbili huku au kule hazimdhuru mtu, lakini kipande hicho ndicho kitakachokuonyesha kama kitambaa kinalala laini au kinakakamaa.

Sindano Mbili

Na kiasi cha uzi nacho. Skafu ya mtu mzima, uzi wa unene wa kati, andaeni gramu 200, karibu mita 400. Nunueni zote siku moja na muangalie namba ya kundi la rangi kwenye lebo, ziwe namba moja. Madonge mawili ya "kijivu" yaliyotiwa rangi siku tofauti yanafanana kwenye taa ya ndani, ukitoka juani mstari unaonekana kama uliochorwa na rula.

Mfumaji wa Usiku

Narudi kwenye urefu, kwa sababu ya yule rafiki wa baiskeli.

Kanuni ya wengi ni skafu iwe na urefu sawa na wa mtu anayeivaa. Ni mwanzo mzuri, kwa mtu mzima inakuja kati ya sentimita 150 na 180. Lakini mwangalie anaivaaje na anafanya nini. Isadora Duncan, yule mcheza dansi wa Marekani, alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake ndefu ya hariri iliponaswa kwenye gurudumu la gari alilopanda. Sikuwa nimeyafikiria kabisa hayo nilipomkabidhi mtu wa baiskeli mita 2 za sufu. Yeye mwenyewe aliona hatari na akaiweka kando, akanyamaza.

Sasa nimemwomba anirudishie. Nitaifumua na kumfumia ya duara isiyo na ncha, mzunguko wa sentimita 60, inapita kichwani na kukaa. Kwa watoto wadogo siku hizi nafuma hiyohiyo tu, au ile fupi yenye tundu upande mmoja, ncha moja inapita ndani ya tundu na kubaki kifuani. Mtoto anayepanda na kuteleza hafai kuwa na kitu kinachoning'inia shingoni.

Mwana wa Mfumaji

Nimekuwa nasoma tu tangu juzi. Naomba ushauri kwenye jambo ambalo sijui nimuulize nani.

Mama yangu amefariki mwaka jana. Kwenye kikapu chake tumekuta skafu haijaisha, bado iko kwenye sindano, rangi ya kahawia iliyofifia, na madonge mawili ya uzi huohuo. Mdogo wangu wa kiume anasema mama alimwambia ni yake. Mimi ndiye pekee niliyefundishwa kufuma, na nilifundishwa na yeye. Nikiigusa naogopa. Niifunge hapo ilipofikia ibaki fupi, au niimalizie? Nikiimalizia itaonekana mikono miwili tofauti, mama alikuwa anashika uzi kwa mkono wa kushoto, mimi naushika kwa wa kulia.

Bi Matamvua

Pole sana mwanangu. Pole.

Usiifumue hata mstari mmoja wa mama. Hilo tu ndilo ninaloweza kusema sasa hivi, wengine watakuelekeza la kiufundi.

Fundi Mkimya

Pole sana ndugu yangu. Nitakuelekeza taratibu, maana hapa kuna mambo ya kufanya kabla hujafuma chochote.

Kwanza, leo hii, chukua sindano ya kushonea na uzi laini wa rangi tofauti kabisa, mweupe kwa mfano. Upitishe ndani ya kila kitanzi kilicho kwenye sindano ya mama, sambamba na sindano, uache mkia mrefu pande zote mbili. Usiuvute. Huo ni uzi wa kuokolea. Hata sindano ikichomoka, hata ukikosea ukafumua, hutavuka pale. Kila alichofuma mama kitabaki.

Pili, hesabu. Kama ni kawaida kwenda na kurudi, kila tuta moja (ule mwinuko unaokatiza upana wa skafu) ni mistari miwili. Hesabu matuta, hesabu vitanzi, andika.

Tatu, usifume kwenye skafu yenyewe. Chukua uzi mwingine wa unene ule, sindano zilezile za mama, anzisha vitanzi kama vyake, fuma matuta ishirini. Weka juu ya kazi yake. Yako ikiwa nyembamba kuliko yake, unabana uzi kuliko yeye, panda sindano nusu milimita. Ikiwa pana, shuka nusu milimita. Rudia mpaka zilingane. Siku tatu hivi zitakutosha.

Na angalia anavyoanza mstari. Je, kitanzi cha kwanza alikifuma au alikihamisha tu bila kukifuma? Ukingo wenye mafundo madogo madogo, alikifuma. Ukingo uliosukwa kama mkufu, alikihamisha. Fuata alivyofanya.

Mwana wa Mfumaji

Nimepitisha uzi wa kuokolea. Mikono ilikuwa inatetemeka lakini nimeweza. Matuta 107, vitanzi 32. Ukingo umesukwa kama mkufu. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa anafanya hivyo, mimi hakunifundisha.

Mfumaji wa Usiku

Matuta 107 ni mistari 214. Zidisha kwa 32, ni vitanzi 6,848. Kila kimoja kimepita kwenye vidole vyake akimfikiria mdogo wako.

Mimi ninaona uimalizie. Na wala usihangaike kuuficha mpaka wa mkono wake na wako. Fanya unaloweza zilingane upana, ili skafu ikae vizuri shingoni, lakini pakibaki na alama ndogo pale unapoanzia, paache. Mdogo wako atataka kujua ni wapi.

Sindano Mbili

Naunga mkono. Halafu mpime mdogo wako kwanza, kwa maana ya mjadala huu. Muulize anataka ifike wapi.

Chipukizi

Natoa machozi tena lakini safari hii kwa sababu nyingine. Pole sana kaka.

Wakubwa, kuna jambo limenigusa. Mmesema tuwaulize watu. Mimi nilitaka iwe mshtukizo kwa dada. Nikimuuliza si atajua?

Mfumaji wa Usiku

Swali zuri, na hapa naona watu watatofautiana. Kwa upande wangu nimeacha mishtukizo. Skafu ya vitanzi 30, yenye urefu wa sentimita 170, kwa uzi wangu inakuja mistari 578, yaani vitanzi 17,340. Nikienda mwendo wa dakika mbili kwa mstari ni saa 19 na zaidi. Siwezi tena kuzitumia saa 19 nikibahatisha.

Lakini unaweza kujua bila kuuliza. Angalia skafu anayoivaa sasa, ile iliyochakaa, siyo ile nzuri. Ipime akiwa hayupo. Isome lebo yake. Tazama anavyoifunga, mara moja au mara mbili, ncha anaziingiza ndani au anaziacha. Dada yako anatoka saa ngapi, anatembea au anapanda gari? Amefunga nywele au zimeachiwa? Nywele ndefu hunaswa kwenye uzi wenye manyoya marefu kama moheya, ule wa mbuzi wa Angora, na mtu ataivua siku ya kwanza.

Namba Nane

Mimi bado naamini mshtukizo una raha yake, mkuu. Ila hapo kwa kupima ya zamani umenipata.

Chipukizi

Nimempima! Ya zamani ina sentimita 148 na anaizungusha mara moja tu. Ni akriliki. Mimi nilikuwa nalenga 180. Nimebakiza sentimita 40 sasa. Swali la mwisho: niweke matamvua?

Bi Matamvua

Jina langu linakujibu, lakini subiri. Dada yako anafanya kazi gani? Kama anainama sana, anaandika, anaosha vitu, matamvua yatakuwa yanaingia kila mahali. Kama ni mtu wa kutembea tu, weka. Kata nyuzi za sentimita 25, nne nne, zikunje katikati, zivute kwa kroshia kwenye kila kitanzi cha tatu, pitisha ncha ndani ya tundu uvute. Na ukate hizo nyuzi kabla ya kumaliza donge, nimewahi kufika mwisho nikakuta uzi umeniishia.

Chipukizi

Anashinda akiandika. Basi siweki.

Kola ya Bluu

Nimekuja kutoa mrejesho. Nimeishona. Ni bomba lenye upana wa sentimita 9, tabaka mbili, na rafiki yangu amesema hataivua mpaka afike. Ahsante Fundi Mkimya.

Mwana wa Mfumaji

Kipande cha majaribio cha tatu kimelingana. Nilipanda nusu milimita. Mdogo wangu amesema anataka ifike kiunoni pande zote mbili, kama alivyomwambia mama. Nimefuma matuta manne leo. Sijaweza kuendelea zaidi ya hapo lakini nimeanza.

Mfumaji wa Usiku

Manne yanatosha kwa leo, ndugu yangu. Tupo hapa.

Nami nitoe mrejesho wangu. Baada ya Sindano Mbili kuandika ile ya robo saa, nilimtumia shangazi vipande vitatu vidogo vya uzi kwenye bahasha, nimevipa namba, nikamwomba kila kimoja akibane ndani ya kola nusu siku. Cha 1 alikitoa baada ya dakika tano. Cha 2 alivumilia hadi mchana. Cha 3, anasema, alikisahau, akakikuta jioni anavua nguo.

Cha 3 ni merino. Naanzisha usiku huu, vitanzi 34, sindano ya milimita 5, rangi aliyoitaja yeye mwenyewe.